Soya isiyoliwa mizizi: namna ya kuanza kazi ya jeni ukiwa Tabora au Kigoma

Kila msimu soya zikianza kuwa njano kwenye mashamba yaliyotoka kwenye tumbaku linakuja swali lile lile, kwanini wataalamu wasiweke tu jeni ya kuzuia hawa wadudu wa ardhini mambo yakaisha. Jibu fupi ni kwamba inawezekana na kwa wenzetu ishafanyika, ila jeni haifanyi kazi kama dawa ya dukani inayoua kila kinachotambaa. Jeni moja inamkamata adui mmoja, na mara nyingine ni kabila moja tu la huyo adui, kwahiyo ukikosea kumtambua anayekula mizizi yako unaweza ukamaliza miaka ndani ya maabara afu soya ikaliwa vile vile.

Ndo maana nimeanzia shambani. Nawaandikia vijana waliosoma kilimo au baiolojia wapo mtaani, mabwana shamba wa kata, na mkulima yeyote anayependa kujua mambo yanaendaje. Nusu ya kwanza unaifanya kwa jembe, beseni na miche ya nyanya hata ukiwa Kaliua ndani huko, nusu ya pili inataka maabara na kibali, na kwenye kibali tutakaa kidogo maana hapo ndo watu wanaingia mkenge.

Kwanza mjue anayekula

Using'oe mche kwa mkono. Ukivuta, mizizi myembamba inabaki ardhini na ndo yenye habari yote, wewe unatoka na mzizi mkuu tu unaangalia kitu kisichokwambia lolote. Chimba na jembe, nyanyua na bonge la udongo, loweka kwenye ndoo ya maji udongo uachie wenyewe.

Nilikuwa Usoke kwa mama mmoja mtu mzima ambaye shamba lake la soya lilitoka kwenye tumbaku. Nikamsalimia mwangaluka mayu, akaitikia, na kabla sijauliza kitu akachomoa soya moja akanionyesha.

"Si ndo hivi vinundu vya mbolea mnavyotuambiaga mwanangu? Mbona vimejaa na soya bado ya njano?"

Nikamwomba jembe nikachimba mche wa jirani, tukauosha kwenye ndoo. Nikamwambia mayu hebu kibandue hiki kwa kucha. Cha kwanza kikatoka chenyewe, tukakipasua ndani kina wekundu. Cha pili akakikwangua, akakikwangua, hakitoki, maana ni mzizi wenyewe umevimba.

"Kumbe huu ni mzizi unaumwa!"

Hapo ndo tofauti ilipo. Kinundu cha bakteria wanaotengeneza naitrojeni kinakaa ubavuni mwa mzizi, kinabanduka, na kikiwa kinafanya kazi ndani ni pinki au chekundu. Fundo la minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa ardhini wanaoingia mzizini na kuuvimbisha, halibanduki, mzizi unakuwa umejaa uvimbe usio na mpangilio. Ukilipasua fundo kubwa kwa wembe taratibu juani unaweza kuona kitone cheupe kinachong'aa, huyo ni jike, haendi popote, amekaa hapo anakula na kutaga, na jike mmoja anatoa mayai mia tatu, mia tano na zaidi. Udongo ukiwa na joto kama la kwetu kizazi kimoja kinamaliza mzunguko ndani ya mwezi hivi, kwahiyo soya ya miezi mitatu na kitu inalea vizazi kadhaa mfululizo.

Sio kila soya inayonyauka ina minyoo lakini. Pasua shina kwa kisu kuanzia kwenye mzizi mkuu kwenda juu. Ukikuta ndani kumekuwa kijivu na kumejaa vidoti vyeusi vidogo sana, na mimea ilikufa wakati wa kujaza maganda jua likiwa kali, majani yamekauka yananing'inia hayajadondoka, huo ni uozo mkaa, fangasi anaitwa Macrophomina. Ukikuta utando mweupe shingoni mwa mmea pale unapogusana na udongo, na vipunje vya mviringo vya kahawia saizi ya ulezi, huyo ni fangasi mwingine, Sclerotium. Doa la kahawia iliyoiva linalopanda kutoka ardhini kwenda juu ya shina kwenye sehemu inayotuamisha maji, fikiria Phytophthora, kimelea cha kuozesha kinachopenda maji, na hapa watu wa Kasulu na Kibondo mwenye shamba bondeni aangalie sana. Mche uliokatwa chini kabisa asubuhi umelala, hiyo ni sota, fukua pembeni yake utamkuta amejikunja. Mchwa mnawajua.

Pima udongo, beseni na nyanya vinatosha

Sampo nzuri ya minyoo unaichukua mwishoni mwa msimu, Machi kuelekea Aprili, wakati idadi yao ipo juu. Tembea shamba kwa zigizaga, kila ekari moja chota sehemu kama ishirini, kina cha sentimita 15 hadi 20, karibu na mizizi na sio kati ya tuta na tuta ambapo hamna kitu, changanya kwenye ndoo afu bakisha kilo moja kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipande vya mizizi. Andika lebo kwa penseli, wino ukilowa unafutika. Na tafadhali usifunge ule mfuko kwenye keria ya bodaboda ukazunguka nao juani, njia ninayokupa hapa inanasa minyoo walio hai tu, wakifa njiani utaona maji matupu utamwambia mwenye shamba upo salama kumbe umemuua.

Nyumbani tafuta chujio la plastiki la jikoni, tandika tishu mbili ndani, mwaga udongo kikombe kimoja hivi uusambaze uwe mwembamba, weka chujio ndani ya beseni dogo. Mimina maji kwa pembeni, sio juu ya udongo, mpaka udongo ulowe kwa chini. Acha kivulini siku moja mpaka mbili. Minyoo wanajitoa wenyewe kwenye udongo wanapenya tishu wanazama chini. Nyanyua chujio, maji ya beseni yamimine kwenye glasi ndefu, yaache yatulie masaa kadhaa, mwaga ya juu polepole, matone ya chini ndo unayapeleka kwenye hadubini, ile ya sekondari ya kukuza mara 40 inatosha kuanzia. Utaona vitu vinajinyonga nyonga. Usitishike, udongo mzima una minyoo na wengi wao hawana ubaya, unayemtafuta ni yule mwenye mkuki mdomoni wa kuchomea mzizi. Asiye na mkuki mwache aendelee na maisha yake.

Huna hadubini? Fanya kipimo cha nyanya. Chukua vyungu viwili, kimoja tia udongo wa shamba kama ulivyo, kingine udongo ule ule ila umechemshwa kwa mvuke kwenye sufuria au pipa mpaka umeiva wote. Panda miche ya Moneymaker, hiyo inaliwa kirahisi. Tengeru 97 usiitumie kwenye kipimo hiki kwasababu ilichaguliwa kuhimili minyoo fundo, itakudanganya. Baada ya wiki sita osha mizizi hesabu mafundo. Wataalamu wanatumia skeli ya 0 mpaka 5, hamna fundo ni 0, fundo moja au mawili ni 1, matatu hadi kumi ni 2, kumi na moja hadi thelathini ni 3, hadi mia ni 4, yakizidi mia ni 5. Ishike hii skeli, utaitumia tena huko mbele.

Ukipata 4 au 5 hapo ndo una haki ya kuuliza ni spishi gani. Kwenye tumbaku ya ukanda huu anayetajwa sana ni Meloidogyne javanica, na Meloidogyne incognita naye yupo, na tofauti yao sio ya kitaaluma tu maana kuna soya inamzuia mmoja na kumkaribisha mwingine. Kwa macho huwezi, inabidi jike akatwe sehemu ya nyuma aangaliwe michoro ya ngozi au vinasaba vipimwe kwa mashine ya PCR, inayorudufu kipande cha vinasaba mpaka kionekane. Kwa Tabora sehemu ya kuanzia kuuliza ni Tumbi, kuna TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuna taasisi ya utafiti wa tumbaku, TORITA, minyoo fundo ni mgeni wao wa kila siku.

Kibali, kabla hujaagiza hata kichupa

Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni, mwaka 2003, ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za usalama wa baioteknolojia za 2009 ambazo zilirekebishwa 2015. Anayesimamia ni Ofisi ya Makamu wa Rais upande wa mazingira. Jaribio la shambani lililojulikana sana ni la mahindi ya kuhimili ukame pale Makutupora, Dodoma, lililoanza 2016. Novemba 2018 wizara ya kilimo ikaagiza majaribio ya GMO, yaani mimea iliyobadilishwa jeni, yasimame, na Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza tena kuyasitisha. Kwahiyo mtu akikwambia anayo mbegu ya soya ya GMO anakuuzia upande Urambo, ama ni tapeli ama anakutafutia kesi.

Wenzetu wengine Afrika wanaenda tofauti. Afrika Kusini wanalima soya ya GMO tangu 2001, Nigeria walipitisha kunde yenye jeni ya kuzuia viwavi mwaka 2019, Kenya serikali ilitangaza kuondoa marufuku yao Oktoba 2022. Hayo yote hayakupi ruhusa wewe, mbegu iliyovuka ziwa kwenye mfuko wa suruali ukiipanda Kigoma bado ni kosa. Na hata kama unapanga kutumia krispa, ile ya kukata na kurekebisha jeni ya mmea mwenyewe bila kuingiza ya kigeni, usijipe moyo kwamba inapita pembeni ya kanuni, andika barua uliza, subiri jibu la maandishi. Njia ya halali kwa kijana anayetaka kufanya hii kazi kwa mikono yake ni kuingia kwenye taasisi yenye kamati ya usalama na maabara iliyofungwa, iwe hapa nchini au kwenda kusoma nje. Kinachofuata hapa chini ni cha humo ndani, sio cha stoo ya nyumbani.

Kuchagua jeni, hapa usiwe na haraka

Anza na kisa cha Wamarekani kwa sababu kina funzo lote. Wao adui wao mkubwa wa soya ni minyoo vifuko, Heterodera glycines, aliyegundulika kwao 1954 huko North Carolina. Wakapata soya moja kwenye benki ya mbegu inaitwa PI 88788 ina ukinzani, wakaikrosi, yaani kuichavusha, kwenye karibu kila aina waliyouza kwa miongo mingi. Mwaka 2012 ndo wakajua kinachofanya kazi ndani yake, sehemu inaitwa Rhg1, na cha ajabu haikuwa jeni moja nzuri, ilikuwa kipande cha herufi za DNA kama elfu thelathini na moja kimejirudia mara kumi mfululizo kwenye kromosomu, wakati soya ya kawaida inacho kimoja. Ndani ya kipande kuna jeni tatu zinazofanya kazi pamoja, ukiipandisha nguvu moja moja kwenye mizizi hupati kitu, ukizipandisha zote tatu minyoo wanashindwa kukua. Afu sasa, kwasababu nchi nzima ilitegemea chanzo kimoja, minyoo wakazoea. Wapo mashambani wanaokula PI 88788 bila wasiwasi.

Sasa chukua hiyo Rhg1 yenye sifa zote hizo uilete Sikonge kwenye minyoo fundo. Haisaidii! Ni minyoo wengine kabisa, wanaingia mzizi kwa namna yao na kula kwa namna yao. Nimeona watu wanasoma soya yenye ukinzani wa minyoo kwenye katalogi ya nje wanadhani ni minyoo wote, uliza ni yupi.

Kwa minyoo fundo ukinzani wa asili upo, soya ya zamani ya Kimarekani inaitwa Forrest inajulikana kwa kumzuia incognita na jeni yake kubwa ipo kromosomu ya 10, ila javanica ni habari nyingine na lazima upime mwenyewe. Wengine watakwambia chukua jeni ya Mi-1 ya nyanya, ni maarufu na inazuia javanica na incognita wote. Sawa, ila Mi-1 inalegea udongo ukipita nyuzi joto 28, na kichanga cha Tabora Novemba kabla mvua haijakolea kinapita hapo mchana kweupe. Mimi nisingeipa bajeti yangu.

Njia ya pili ni protini za bakteria wa ardhini anayeitwa Bt, ndugu wa zile zinazotumika kuua viwavi. Kuna soya imetengenezwa Marekani inabeba Cry14Ab, minyoo vifuko akinyonya seli ya mzizi anameza protini utumbo wake unaharibika. Kwa minyoo fundo, Cry6A ilipowekwa kwenye mizizi ya nyanya ilipunguza uzazi wao, kwahiyo mlango upo wazi kwa anayetaka kujaribu kwenye soya.

Njia ya tatu ndo naipenda zaidi kwa mazingira yetu, kuzimisha jeni za mnyoo mwenyewe. Mmea unatengeneza kipande cha RNA, nakala ya ujumbe wa jeni, cha nyuzi mbili kinacholingana na jeni muhimu ya mnyoo, mnyoo akila, mwili wake mwenyewe unaizima ile jeni. Mwaka 2006 watafiti walizima jeni inaitwa 16D10 kwa kutumia mmea mdogo wa maabara wa Arabidopsis, na ukinzani ukatokea kwa spishi zote nne kubwa za minyoo fundo, javanica ndani yake. Kwenye soya ya kuuzwa bado haijafika, ila kama ningekuwa naandika andiko la utafiti la Tabora ningeweka kuzimisha jeni pamoja na ukinzani wa asili kwenye mmea mmoja, njia mbili tofauti, ili mnyoo akizoea moja akute nyingine. Kosa la PI 88788 halina haja ya kurudiwa huku.

Kwa magonjwa ya kuozesha nitapita haraka. Phytophthora ina jeni zake zinaitwa Rps, zipo zaidi ya thelathini, ila kila moja inazuia makabila fulani tu. Uozo mkaa hauna jeni moja yenye nguvu ya kutegemea, hapo unarudi kwenye unyevu wa udongo na mzunguko wa mazao. Sota na mchwa, soya ya jeni ya kuwazuia sokoni kwetu hamna, usipoteze muda.

Anza na mizizi nywele, mmea mzima baadaye

Kifurushi cha DNA unachotengeneza ili kiingie kwenye mmea kina vipande vinne, promota ambayo ni swichi ya kuwasha, jeni yenyewe, kituo cha kumalizia, na maka ya kukuonyesha nani amepokea. Kwenye promota wengi wanakimbilia 35S ya virusi vya koliflawa kwasababu inawaka mmea mzima. Kwa adui wa mzizi tafuta inayowaka mizizini, hasa pale mnyoo anapokula. Kwanini uitwishe mbegu protini ambayo hamna mnyoo anayekula mbegu, ni kujitafutia maswali mengi ya usalama wa chakula bure.

Utamu wa kufanya kazi na adui wa ardhini ni kwamba huhitaji kusubiri mmea mzima ili ujue jeni yako ina maana au la. Kuna bakteria Agrobacterium rhizogenes, soya inaelewana zaidi na kabila lake la K599, akiingia kwenye jeraha anafanya mmea uote mizizi mingi ya pembeni, ndo mizizi nywele yenyewe, na kila mzizi umebeba kile ulichompa. Otesha soya kwenye vamikulaiti, chembe nyepesi za madini zinazoshika maji, au mchanga uliochemshwa mpaka majani ya mbegu yafunguke, siku tano mpaka saba. Choma sindano shinani chini kidogo ya majani ya mbegu, paka bakteria waliokolea pale kwenye jeraha, funika lile jeraha kwa vamikulaiti yenye unyevu au mfuko wa nailoni ili pasikauke, pakikauka umekosa. Baada ya wiki mbili tatu utaona mizizi mipya inatoka hapo. Ikishakua kata mzizi wa zamani, sasa una mmea ambao juu ni soya ya kawaida na chini ni mizizi ya uhandisi jeni.

Kama maka yako ni protini inayong'aa, mulika kwa taa yake ubakize mizizi inayong'aa tu. Kila mzizi ni tukio lake la kujitegemea, mmoja unaweza kuwa na nguvu na mwenzake aliye pembeni hana kitu, kwahiyo kwenye hesabu zako mzizi ndo mtu, usihesabu mimea. Weka na mimea iliyopewa bakteria wenye kifurushi kitupu, bila hiyo hamna atakayekuamini. Na angalia vinundu! Mizizi hii inaweza kufunga vinundu ukiipa bakteria wa soya, kama jeni yako inazuia minyoo lakini vinundu vimepungua, umemtibu mgonjwa kwa kumnyima chakula, tena kwenye kichanga chetu ambacho naitrojeni ni ya kubahatisha.

Mizizi nywele haitoi mbegu yenye jeni, kwahiyo kilichoshinda hapo ndo unakipeleka kwenye mmea mzima. Njia iliyozoeleka ni ya nusu mbegu kwa kutumia Agrobacterium tumefaciens. Mbegu zinasafishwa kwa gesi ya klorini ndani ya kabati maalumu la kuvuta hewa, na hiyo gesi inaua mapafu usije ukaiga popote pengine, zinalowekwa usiku, zinapasuliwa katikati kufuata kitovu cha mbegu, kiinitete kinaondolewa, panakwanguliwa kwa kisu cha upasuaji afu zinazamishwa kwenye bakteria kama nusu saa. Zinakaa nao siku tatu mpaka tano, baada ya hapo bakteria wanauawa kwa antibayotiki na vichipukizi vinalelewa kwenye aga, jeli ya kulelea mimea, yenye homoni na dawa ya magugu ya glufosineti, asiyepokea jeni anakufa. Kuchipua, kurefuka, kutoa mizizi, kuzoeshwa hewa ya nje, mpaka uvune mbegu ni miezi sita hadi tisa, na katika nusu mbegu mia ukipata mimea michache ya kweli umefanya vizuri. Aina zinazokubali ni kama Williams 82, ambayo ndo vinasaba vyake vyote vilisomwa na kuchapishwa 2010, pamoja na Jack na Thorne. Uyole Soya au aina nyingine za kwetu usitegemee zitakubali mara ya kwanza, wengi wanaweka jeni kwenye aina inayokubali afu wanaikrosi kwenda kwenye ya nyumbani.

Mbegu za kwanza ukizipanda, ukipaka glufosineti kidogo kwenye kona ya jani, tatu zikibaki kijani kwa moja inayokauka ujue jeni imekaa sehemu moja kwenye kromosomu, hiyo ndo unayoitaka. Uwiano ukiwa wa ajabu ajabu, kuna nakala nyingi zimetawanyika, iache. Hakikisha na PCR maana kijani peke yake sio ushahidi.

Kumpima na minyoo hai

Mayai unayatoa kwenye mizizi ya nyanya yenye mafundo. Kata kata, tikisa kwenye Jik iliyopunguzwa, ile ya asilimia 3.5 sehemu moja kwa maji sehemu sita, dakika tatu nne zisizidi, chuja, yanase mayai kwenye chujio la maabara la maikroni 25, yasuuze vizuri sana maana klorini ikibaki inaua unachotaka kukipima. Kila chungu mpe mayai elfu mbili mpaka elfu tano, idadi iwe sawa kwa wote, weka na soya unayoijua inaliwa na nyingine unayoijua inahimili.

Baada ya siku 45 hadi 60 osha mizizi toa alama 0 mpaka 5, ila usiishie kwenye mafundo. Kuna mimea haina mafundo mengi lakini minyoo wanazaliana humo kimya kimya, na hiyo kwenye mzunguko wa mazao ni mbaya kuliko yenye mafundo kwasababu huioni. Loweka mizizi kwenye rangi nyekundu ya chakula dakika kumi na tano, vifuko vya mayai vinashika rangi unavihesabu vizuri. Afu toa mayai yote, gawa idadi ya mwisho kwa ile uliyoanza nayo, ikiwa chini ya moja mmea wako unawapunguza, ikizidi moja unawafuga. Udongo wa hivyo vyungu uchemshwe kabla haujatoka nje, mtu asije akauchukua kujazia bustani ya mchicha.

Na msimu huu, bila maabara

Shamba lenye 4 au 5 usipande soya baada ya tumbaku moja kwa moja. Karanga kwa kawaida haziwalei javanica na incognita kirahisi, na kwenye marejea, mmea wa mbolea ya kijani, minyoo wanaingia mizizini lakini wengi hawamalizi kukua, hivo ekari iliyozidiwa ipe marejea uifukie. Baada ya kuvuna tumbaku ng'oa visiki mapema, visiki vinavyochipua ndo nyumba ya minyoo wakati wa kiangazi. Mahindi yanaonekana mazuri juu lakini yanaweza kuwahifadhi, usiyachukulie kama mapumziko.

Na kuikrosi soya hakuhitaji kibali cha GMO. Tafuta kwa watafiti mbegu ya soya yenye ukinzani uliopimwa kwa minyoo fundo, iwe baba, na aina yako inayozaa vizuri iwe mama. Chagua mama mwenye maua meupe na baba mwenye maua ya zambarau, utaona kwanini. Jioni au alfajiri tafuta tumba la mama ambalo petali ndo zinaanza kuchungulia, toa vifuniko, petali na stameni zote kwa kibano chenye ncha, asubuhi inayofuata hapo chukua ua la baba lililofunguka usugulie chavua kwenye kichwa cha mama, funga uzi wa rangi. Mengi yatadondoka, fanya mengi. Mbegu zikivunwa na kupandwa, mche ukitoa maua ya zambarau ni krosi ya kweli, ukitoa meupe ulijichavusha wenyewe, ng'oa. Kizazi kinachofuata kipande kwenye vyungu vya udongo wenye minyoo, wiki ya sita osha mizizi kila mmoja uupe alama. Zenye 0 na 1 rudisha kwenye udongo safi uvune mbegu, zenye 4 na 5 choma pamoja na mizizi yake.